Modeli ya daikasti ya ndege ya upelelezi inaposumbua: dalili, chanzo na dawa

Rafiki yangu mmoja alipata modeli ya SR-71, ndege ya upelelezi ya Marekani, ya kipimo cha 1:72 (yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), akaifungua jioni, na kabla hajalala alikuwa ameshayapaka matairi yake rangi nyeusi. Aliyaona yana rangi ya fedha, akadhani kiwandani wamesahau. Kumbe matairi ya SR-71 halisi yalikuwa na rangi hiyo hiyo. Mpira wake ulichanganywa na unga wa alumini ili ustahimili joto, kwa kuwa ndege ile iliruka zaidi ya mara tatu ya kasi ya sauti na mwili wake ulipata moto vibaya sana angani. Hata ndani hayakujazwa hewa ya kawaida bali naitrojeni. Kwa hiyo alichokifuta rafiki yangu ni kile ambacho mtengenezaji alikuwa amekipatia barabara.

Naanza na kisa hiki kwa sababu modeli nyingi ninazoletewa nizitengeneze hazikuharibika zenyewe. Ziliharibiwa na mtu aliyekimbilia gundi kabla ya kujua anatibu ugonjwa gani. Hapa tutakwenda kwa mpangilio wa tabibu: dalili, kisha chanzo, kisha dawa. Pasipo na dawa nitasema hakuna.

Kumbuka kitu kimoja tangu mwanzo. Modeli ya daikasti ni chuma kilichoyeyushwa kikasukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu. Chuma chenyewe ni aloi ya zinki yenye alumini ya takriban asilimia 4, na magnesi na shaba kidogo. Wengi huiita zamaki, jina lililotokana na herufi za mwanzo za majina ya Kijerumani ya madini hayo manne. Kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani ndiyo iliyoianzisha mwaka 1929. Ncha ya pua, kifuniko cha rubani, miguu ya kutulia na antena huwa ni plastiki mara nyingi. Karibu kila tatizo lililomo humu linazaliwa ama ndani ya ile zinki, ama pale zinki na plastiki zinapokutana.

“Imepinda” au “imekosewa”: hakikisha kwanza ni kasoro

Ndege za upelelezi zina maumbo ya ajabu kuliko ndege za kivita za kawaida, na mtu aliyezoea kukusanya za kivita huona makosa pasipo na makosa.

Mapezi ya mkia wa SR-71 yameinamia ndani? Ndivyo yalivyo. Kwenye ndege halisi kila pezi limelalia ndani kwa nyuzi 15. Usiyanyooshe kwa vidole. Kama unashuku moja limelala kuliko jingine, kata kipande cha karatasi ngumu kifuate pembe ya pezi la kushoto, kigeuze, kisha kiweke kulia. Kikikaa sawasawa pande zote mbili, hakuna ugonjwa. Mstari wa kiungo unaozunguka pua mbele ya chumba cha rubani nao ni wa kweli: pua ya SR-71 ilikuwa ya kubadilishwa kulingana na kazi, leo kamera, kesho rada. Usiuzibe.

Zile koni mbili za mbele ya injini ni habari nyingine. Kwenye ndege halisi zilirudi nyuma kadiri kasi ilivyoongezeka, hadi sentimita 66 hivi, ambazo kwa 1:72 ni kama milimita 9. Kwa hiyo kuziona zimeingia ndani kiasi si kosa kwa modeli iliyoundwa ikiwa angani. Lakini ikiwa moja imeingia na nyingine imetoka, hiyo ni kasoro ya uunganishaji, na mara nyingi koni inavutika nje taratibu kwa kibano chenye ncha za plastiki.

U-2, ndege nyingine ya upelelezi ya Marekani, inaangukia upande mmoja ikiwekwa mezani? Ndege hii ina seti mbili tu za magurudumu, zilizokaa mstari mmoja kama za baiskeli, moja tumboni na nyingine karibu na mkia. Inapokimbia kuruka, mabawa yake marefu hushikiliwa na vijiti viwili vyenye magurudumu, viitwavyo pogo, ambavyo hudondoka inapopaa. Ikitua humalizia kwa kuegemea ncha ya bawa. Kabla hujalalamika, pekua trei ya boksi, hasa pembeni na chini yake. Pogo ni nyembamba na hupotelea humo.

Kifuniko cha rubani cha Canberra PR.9, ndege ya upelelezi ya Uingereza, kimekaa kushoto, hakiko katikati. Ni sahihi kabisa. RF-4C, aina ya upelelezi ya ndege ya kivita F-4 Phantom, haina mzinga chini ya pua kama F-4E ya kivita: ni sahihi, pua yake ilipewa kamera. Lakini RF-4EJ za Japani zilizogeuzwa kutoka ndege za kivita zilibaki na mzinga wao na kubeba vifaa vya upelelezi chini ya tumbo. Mtu akikuambia modeli yako ya RF-4EJ imekosewa kwa kuwa ina mzinga, muulize anazungumzia ndege ya namba gani ya mkia. Picha ya ndege hiyo hiyo, yenye namba hiyo hiyo, humaliza ubishi kuliko maelezo ya jumla ya aina nzima.

Rangi imetoa malengelenge

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu dalili moja ina vyanzo vitatu, na viwili vinatibika, cha tatu hakitibiki.

Zima taa ya darini, washa tochi na uilaze karibu na bawa ili mwanga upite juu juu. Shika lenzi ya kukuzia. Lengelenge likiwa moja au mawili, la duara, laini, na chuma kinacholizunguka kimetulia, huenda chuma hakikusafishwa vizuri kabla ya kupakwa rangi: mafuta ya kalibu au alama ya kidole ilibaki chini. Lichome kwa sindano pembeni. Ukikuta chuma cha kijivu, kigumu na kikavu, shukuru. Likandamize, weka tone dogo la vanishi isiyong'aa kwa ncha ya kijiti cha meno, basi.

Ukichoma ukakuta unga mweupe, ni kutu ya zinki. Nitaizungumzia baada ya hapa.

Cha tatu ndicho kinachonitia huzuni. Utaona nyufa nyembamba zinazotawanyika na kuungana, kama tope la bwawa lililokauka. Kingo za bawa zinaanza kuwa za mawimbi. Kipande kilichokuwa kinaingia mahali pake sasa hakiingii, kwa sababu kimekua. Ukikibonyeza kwa ukucha kona inaweza kumeguka kama biskuti. Huo ni uozo wa zinki.

Chanzo chake ni uchafu uliochanganyika na aloi siku ile ilipoyeyushwa: risasi, ninayosema ni ile ya madini, au bati, au kadimi. Kiasi kidogo kinatosha. Viwango vya leo vya zamaki vinataka risasi isizidi asilimia 0.005. Uchafu huo hujikusanya kwenye mipaka ya chembechembe za chuma. Unyevu na joto vikiufikia, mipaka hiyo huliwa, na kinachozaliwa huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo. Chuma kinajisukuma chenyewe kutoka ndani. Vitu vya kuchezea vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoathirika zaidi, lakini hata modeli mpya inaweza kuupata ikiwa aloi ya kundi lake ilichafuliwa.

Nilijifunza somo hili kwa modeli yangu ya RF-101, ndege nyingine ya upelelezi. Kati ya bawa la kulia na mwili palifunguka mwanya unaopitisha ukucha. Nikadhani gundi imeachia. Nikaujaza kwa pasta ya kuzibia, nikasugua, nikapaka rangi ya kijivu niliyoichanganya kwa jioni mbili hadi ikafanana. Miezi sita baadaye ile pasta ilikuwa imesukumwa nje, imesimama kama ukingo mdogo juu ya kiungo, na chini yake bawa lilikuwa na nyufa. Tumelelewa tukiambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu hauzibiki. Gundi haiuzuii, vanishi haiuzuii, na kukwangua rangi huufungulia unyevu mlango.

Kama hujui uko kwenye hatua gani, tumia kalipa, kifaa cha kupimia urefu kwa usahihi. Pima sehemu ya chuma tupu, kutoka mstari mmoja wa paneli hadi mwingine, ukiiepuka pua ya plastiki. Andika kipimo na tarehe. SR-71 ya 1:72 ina urefu wa takriban sentimita 45.5, maana ndege halisi ina mita 32.74, lakini usiihangaikie hesabu hiyo hapa, kwa kuwa unachotafuta ni modeli yako dhidi ya modeli yako. Pima tena baada ya miezi mitatu, halafu sita, chumba kikiwa na joto lile lile. Ikiwa kipimo kinaongezeka kila mara, jibu umelipata.

Hapo unachoweza kufanya ni kuupunguza mwendo: mahali pakavu, pa baridi kiasi, pasipobadilika badilika. Toa vipande vya plastiki vilivyo vizima uvihifadhi, vitafaa modeli nyingine. Huna haja ya kuitenga na wenzake kana kwamba itawaambukiza. Uozo huu hauhami kutoka modeli moja hadi nyingine. Zikiugua mbili kwa pamoja, aidha zilitoka kwenye aloi moja au kabati lenu lina unyevu. Na ukiuza, mwambie mnunuzi.

Unga mweupe kwenye skrubu, magurudumu au ndani ya mashimo

Hii ni kutu ya juu juu, na mara nyingi mkosaji ni kabati. Fungua mlango asubuhi baada ya kufungwa usiku kucha, uingize pua. Ukisikia harufu kama ya siki, umempata. Mbao kama mwaloni, mbao za kusindikwa, rangi mbichi na silikoni ya kubandikia vioo ya ile aina inayonuka siki hutoa mvuke wa asidi, na zinki haiipendi asidi kabisa. Kabati likifungwa vizuri sana ndivyo linavyoharibu zaidi, kwa kuwa mvuke hauna pa kutokea.

Safisha unga kwa brashi kavu, usitumie maji. Toa modeli zote, acha kabati wazi wiki kadhaa. Kisha weka kipimo cha unyevu na pakiti za silika, ukilenga chini ya asilimia 50. Kama harufu inarudi kila ukifunga, badili kabati. Kioo na chuma kilichopakwa rangi na kukauka kabisa ndivyo salama zaidi.

Matairi yananata, au yameacha alama

Unainyanyua ndege na gurudumu linakwama kwenye stendi. Chini yake pamebaki pete inayong'aa, imebonyea kidogo. Matairi ya vinili laini hutiwa kilainishi, na kilainishi hicho hutoka polepole miaka inavyopita na kuyeyusha plastiki nyingine inayoguswa, hasa akriliki na polistireni. Hali ni hiyo hiyo kwa mfuko laini wa vinili uliogusa bawa kwa muda mrefu.

Usivute. Pitisha uzi wa kusafishia meno kati ya tairi na stendi, kama unayekata sabuni. Kisha weka ndege juu ya kioo, au tandika kipande cha poliethilini, ambayo kilainishi hakiiyeyushi. Pete iliyokwisha kuchoreka haifutiki, ila inaweza kusuguliwa ikiwa stendi ni ya akriliki wazi. Na ukihifadhi ndege kwenye boksi lake, tazama sponji. Sponji ya zamani ikianza kuwa njano na kubomoka kama mkate mkavu, itoe mara moja, kabla haijawa gundi juu ya rangi.

Mguu hauingii kwenye tundu lake

Karibu kila mara ni rangi. Tundu lilipakwa rangi pamoja na mwili, likawa jembamba kwa unene wa karatasi. Lakini kabla ya kulipanua hakikisha umeshika mguu wa upande wake. Tazama mzizi wa mguu kwa lenzi: kuna herufi, au umbo lisilo duara kamili, linalotofautisha kulia na kushoto. SR-71 ina magurudumu matatu kwa kila mguu mkuu, na miguu hiyo hufanana sana mpaka uitazame kwa mbele.

Ukishajua, chukua keekee nyembamba, uishike kwa vidole bila mashine, uizungushe mara mbili tatu ndani ya tundu. Futa. Jaribu. Rudia. Ukipunguza mzizi wa mguu badala ya kupanua tundu, siku nyingine utaulegeza na hautarudi. Nguvu ndiyo inayovunja miguu hii. Ikivunjika, nusu ya mzizi hubaki ndani ya chuma, na kuitoa ni kazi ya saa nzima.

Mlango wa gurudumu unaodondoka usiugandishe kwa gundi kali. Punje ya udongo wa kunata unaotumika kubandikia mabango inatosha, na kesho ukitaka kuionyesha ndege ikiwa angani utauondoa bila kujeruhi rangi.

Na ndege ikiangukia mkia, pua ikabaki juu? Pua ni plastiki yenye uwazi, uzito wote uko nyuma kwenye zinki. Ongeza uzito puani kwa gololi ndogo za chuma cha pua au pasta ya tangsteni. Usitumie vipande vya risasi na gundi nyeupe ya mbao. Risasi huliwa ndani ya gundi hiyo, hugeuka unga, huvimba, na pua inaweza kupasuka miaka kadhaa baadaye wakati umeshasahau ulichoweka.

Mrija wa puani umepinda

Ukiwa wa plastiki, chovya ncha tu kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa sekunde kumi na tano hivi, unyooshe kwa vidole, kisha uchovye maji baridi ukiwa umeushikilia. Ukirudi kupinda, rudia. Plastiki hukumbuka umbo la boksi lililoibana. Ukiwa wa waya wa chuma, nyoosha kavu. Ukiwa wa zinki iliyomiminwa pamoja na pua, uache ulivyo. Zinki haipendi kukunjwa mara ya pili.

Mwanya kati ya pua na mwili unaonekana leo, kesho haupo

Plastiki ya aina ya ABS hutanuka kwa joto karibu mara tatu ya zinki. Ndege iliyokaa penye jua la dirishani itakuonyesha mstari huu. Iondoe juani, jua hilo hilo ndilo linalogeuza herufi nyeupe kuwa njano. Usijaze kitu.

Rangi nyeusi isiyong'aa imepata mabaka yanayong'aa

Umeisugua. SR-71 na U-2 ndizo zinazoumia zaidi. Ukifuta vumbi kwa kitambaa, unalainisha uso wa rangi, na palipolainika hapawi kama palivyokuwa. Tumia brashi pana laini ya kujipodolea, mpya, uipitishe bila kukandamiza. Mafuta ya vidole ambayo bado ni mabichi hutoka kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, ukigusa bila kusugua. Spiriti usiikaribishe, kwa kuwa maandishi yaliyochapwa, hata zile alama nyekundu ndogo za mgongoni, yanaweza kuondoka nayo.

Kioo cha kamera kimefanya ukungu

Kwenye ndege ya upelelezi, hiki kidirisha cha puani ndicho sababu ya ndege yenyewe kuwapo, na ndicho kinachoharibiwa kwa urahisi zaidi. Kikidondoka, mtu huchukua supaglu. Mvuke wa supaglu hupanda, hukaa juu ya plastiki angavu, na baada ya dakika chache kioo kinakuwa kama jicho lenye mtoto wa jicho. Ukungu huo ukiwa upande wa nje, husuguliwa kwa pasta laini sana ya kung'arishia plastiki, kwa kijiti chenye pamba, mizunguko midogo midogo. Ukiwa upande wa ndani, kioo hakina budi kutoka.

Kubandika upya, tumia gundi nyeupe ya maji. Chovya ncha ya sindano, gusa kingo za tundu sehemu nne tu, kisha nyanyua kioo kwa ncha ya kijiti cha meno uliyoilowesha kwa mate, ukishushe. Usikibonyeze katikati. Gundi ikitoka pembeni, ifute kwa brashi yenye maji kabla haijakauka. Na kama kioo kimepotea kabisa na tundu halizidi milimita tatu nne, chukua gundi hiyo hiyo, uizungushe kwenye ukingo wa tundu kwa kijiti cha meno, halafu uivute katikati mpaka utando uzibe, kama povu la sabuni kwenye pete. Itaonekana nyeupe kama maziwa. Ilaze ndege kwa namna ambayo utando hautaguswa, uiache hadi kesho. Ikikauka inakuwa angavu, na ukimulika tochi kwa pembeni utaiona lenzi iliyochorwa ndani yake.